Nti, Mato na Ndia: Lahaja za Pwani katika Ushairi wa Ugogo

Kaa mwaka mzima katika Soko la Majengo mjini Dodoma, hutamsikia mchuuzi akisema "nti" kwa maana ya nchi, wala "mato" kwa maana ya macho, wala "ndia" kwa maana ya njia. Hutayasikia Chamwino, wala Mpwapwa, wala Manyoni. Hayo ni matamshi ya Lamu, Pate na Mombasa, na kutoka huko hadi Ugogo ni safari ya siku nyingi kwa mguu. Hata hivyo, anayevifungua vitabu vya ushairi vilivyotungwa na watu wa bara katikati ya karne ya 20 hukutana na lugha ya jamii hiyo: tahajia za lahaja za kaskazini, maneno yaliyokatwa kichwa au mkia, viambishi vilivyomezwa ili mstari utimie.

Msomaji wa leo, hasa aliyelelewa na Kiswahili sanifu cha shuleni, huwa na rai moja kati ya mbili. Ama hudhani kuwa mpiga chapa alikosea, ama humwona mtunzi kuwa mtu wa bara aliyejivika kanzu ya pwani ili aonekane malenga. Makala haya yanadai kuwa rai zote mbili zimekosa njia. Maneno yale yalikuwa urithi uliosomwa na kukubaliwa, yana kazi ndani ya ubeti, na kuyasahihisha ni kuubomoa ushairi wenyewe.

Mfano wetu ni Mathias Mnyampala. Alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Chamwino, akafariki Dodoma mwaka 1969. Alikuwa Mgogo, na lugha aliyonyonya kwa mamaye ilikuwa Cigogo. Mwaka 1954 alichapisha kwa Kiswahili "Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika", kitabu ambacho hadi leo ni nguzo kwa yeyote anayechunguza habari za Kanda ya Kati. Baadaye zikafuata "Diwani ya Mnyampala", "Waadhi wa Ushairi", na "Utenzi wa Enjili Takatifu", ambao hata jina lake linatufunza jambo: limeandikwa "Enjili", ilhali kamusi zetu zinaandika "Injili". Baada ya kufa kwake zikatoka "Ngonjera za UKUTA", zilizolieneza jina lake katika shule za Tanzania nzima.

Basi mtu huyu aliipata wapi lugha ya Lamu na Mvita?

Hakuipata njiani. Kiswahili kilifika Ugogo kwa miguu ya wapagazi. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa na kukata uwanda mkavu wa Ugogo, ambako watemi walitoza hongo kabla ya kuruhusu watu kupita na kuteka maji. Lugha iliyosemwa na misafara hiyo ilikuwa ya Mrima na Unguja, iliyochanganyika na ndimi za wabeba mizigo wa Unyamwezi. Kisha ikaja serikali ya Wajerumani pamoja na makarani na askari wake, na reli ya kati ikafika Dodoma mwaka 1910. Kiswahili cha ofisi, cha stesheni na cha soko kilikuwa kile kile cha kusini. Mtoto wa Ugogo aliyejifunza Kiswahili kwa masikio alijifunza kusema "macho" na "njia".

Tena watu wa uwanda huo walikwisha kuzoea kuona maneno yao yakiandikwa kwa namna nyingi. Mpwapwa iliandikwa "Mpapua" katika ramani za Wajerumani. Lugha ya Wagogo imeandikwa Kigogo, Chigogo na Cigogo, na kila namna ina sababu zake: ya kwanza imevaa kiambishi cha Kiswahili, ya pili imeandika sauti ya wenyeji kwa herufi za Kiswahili, ya tatu imefuata tahajia inayotumika sasa kwa lugha hiyo. Na ndani ya Cigogo chenyewe zimo lahaja tatu, Cinyambwa cha magharibi, Cinyawugogo cha katikati na Citumba cha mashariki. Kwa hiyo Mgogo hakuhitaji kufundishwa na mtu wa pwani kwamba lugha moja huweza kuwa na midomo mingi.

Lugha ya Lamu na Mvita ilimfikia mtunzi wa bara kwa maandishi, na hapo ndipo historia ya tahajia inapoanza kuwa na maana. Tenzi za kale za pwani ya kaskazini ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. "Chuo cha Herekali", ambacho wengi hukiita Utenzi wa Tambuka, kilitungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728. Utenzi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858. Hati hizo zina alama tatu tu za irabu, hivyo "e" na "i" hugawana alama moja, na "o" na "u" hugawana nyingine. Sauti kama "p", "ch", "g" na "v" hazina herufi zao katika Kiarabu, na mara nyingi "n" au "m" inayotangulia konsonanti nyingine haikuandikwa kabisa. Mwenye kuusoma utenzi alikuwa sharti aujue kwanza kwa moyo. Karatasi ilikuwa mkongojo wa kumbukumbu.

Walipokuja kuzihamishia tungo hizo katika herufi za Kirumi, wahariri walilazimika kuamua. Hapa iandikwe "e" au "i"? Hapa pana "n" iliyofichwa au hapana? Neno hili litamkwe kwa ulimi wa Lamu au wa Mvita? Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yaliokolewa kutoka vinywani na katika karatasi za watu kwa juhudi za Mwalimu Sikujua wa Mombasa na mmisionari W. E. Taylor, kisha William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Kwa hiyo tahajia ya "nti" tunayoiona kitabuni ni kazi ya mikono miwili: mtunzi aliyetamka, na mnakili aliyesikia akaamua namna ya kuandika. Msomaji wa bara alizipokea tungo hizo zikiwa tayari zimepita katika mikono hiyo.

Mlango wa pili ulikuwa magazeti. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilianza kutoa "Mambo Leo" kutoka Dar es Salaam, nalo likawa na nafasi ya mashairi. Gazeti hilo lilisafiri kwa reli ile ile hadi Dodoma, Tabora na Kigoma. Mtunzi wa Tanga na mtunzi wa Unyamwezi wakasoma kurasa zilezile, na mtu aliyekuwa hajawahi kuiona bahari aliweza kujifunza vina na mizani kwa kuwasoma walioizaliwa kando yake. Miongoni mwa watunzi waliotoka upande huo wa bara alikuwamo Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Kitabu chake, "Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri", kilitoka mwaka 1954, mwaka uleule kilipotoka kitabu cha Mnyampala kuhusu Wagogo. Sheria za ushairi wa Kiswahili, zilizosomwa na vizazi vya watunzi, ziliandikwa na mtu wa pwani ya Ziwa Tanganyika.

Sasa tazama jambo lililokuwa likitendeka wakati huohuo katika nathari. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi wa kukiacha Kimvita ulipitishwa katika mji wa Kimvita wenyewe. Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930, na tahajia ya vitabu vya shule ikapitia mikononi mwake. Kuanzia hapo "nchi", "macho" na "njia" zikawa ndiyo sahihi katika barua, hesabu, jiografia na habari za serikali. "Nti", "mato" na "ndia" zikaondolewa darasani.

Lakini hazikuondolewa katika shairi. Ushairi ulibaki chumba cha nyuma ambacho Kamati haikukifagia, na humo lahaja zote zilizotoka nje kwa mlango wa mbele zikapata pa kulala. Ndiyo maana jambo linaloonekana la ajabu likawezekana: katika shule ya bara mwalimu alimkata mtoto alama kwa kuandika "ndia", na jioni mwalimu huyohuyo akaandika "ndia" katika ubeti wake. Hakuona mgongano wowote. Kwake "ndia" haikuwa tena neno la Lamu. Ilikuwa neno la ushairi.

Hilo ndilo badiliko kubwa ambalo historia ya fasihi yetu haijalipa haki yake. Kwa Muyaka, "mato" ilikuwa lugha ya nyumbani. Hivyo ndivyo alivyosema alipoumwa macho. Kwa mtunzi wa Dodoma, "mato" ilikuwa lugha ya kazi, mfano wa shoka la seremala ambalo halitumiki mezani. Neno ni lilelile, herufi ni zilezile, lakini limevuka kutoka lahaja ya mahali hadi rejista ya sanaa. Na lilipovuka, likawa mali ya kila mwenye kuijua sanaa, awe amezaliwa Amu au Ihumwa.

Ili kuona kazi ya maneno hayo, tuchukue mistari michache niliyoitunga kwa ajili ya mfano tu. Shairi la mizani 16 hugawika katika vipande viwili vya mizani 8. Nikisema "Mwana, 'sinene upesi", nimepata mizani 8: mwa-na-si-ne-ne-u-pe-si. Neno "'sinene" ni inkisari ya "usinene". Mhariri mwenye nia njema akilirejesha katika usanifu, atapata "Mwana, usinene upesi", mizani 9, na mstari utachechemea. Ndivyo zilivyo pia "'meona" badala ya nimeona, "alo" badala ya aliye, "aso" badala ya asiye na, na miungano kama "nduguye", "mkewe" na "mwanangu". Baadhi ya vifupisho hivi vimekuwa vya kawaida hata hatuvioni tena kuwa vifupisho. Hakuna anayeandika "mwana wangu" akidhani kwamba "mwanangu" ni kosa.

Chukua tena: "Moyoni nawaka moto, hayalali yangu mato." Vipande vyote viwili vina mizani 8, na vyote vinaishia kwa kina cha "to". Andika "macho" badala ya "mato". Mizani haitapungua wala kuzidi, hivyo anayehesabu kwa vidole hatashtuka, lakini kina kimekufa. Hapa tahajia ya lahaja ndiyo msumari ulioshika ubao. Na kuna jambo la siri zaidi. Kimvita kina "t" mbili, moja ya menoni na nyingine ya ufizini, na herufi zetu za Kirumi haziyatofautishi matamshi hayo. Sikio la Mvita laweza kuzisikia "t" mbili mahali ambapo ukurasa wa chapa una moja tu. Aliyejifunza kwa kusoma huona vina vimetimia. Aliyejifunza kwa kusikia huenda akainua nyusi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo alama ya njia waliyopita watunzi wa bara: walikuja kwa kitabu.

Lakini si kila kitu walikipata kitabuni. Katika ushairi wetu "m" ya "mtu" huhesabiwa mizani kamili, hivyo "mtu" ni mizani mbili. Wanaojifunza Kiswahili kutoka Ulaya hutaabika na kanuni hiyo, kwa kuwa macho yao yanaona irabu moja tu. Mgogo hataabiki. Kwake mtu ni "munhu" na watu ni "wanhu"; kiambishi chake bado kina irabu, na pigo la kwanza la neno analisikia waziwazi. Anapoandika "mtu" na kuhesabu mbili, lugha ya mamaye inamwitikia kutoka ndani. Cigogo hakikuingia katika ushairi kwa maneno yake, lakini kiliingia kwa sikio.

Na hapa ndipo pana swali zito, ambalo si haki kulipita. Kwa nini mtunzi wa Dodoma aliruhusiwa "nti" ya Lamu, ambako hakuzaliwa, na hakuruhusiwa "munhu" wa nyumbani kwake? Jibu la haraka ni kwamba Kiamu na Kimvita ni lahaja za Kiswahili, na Cigogo ni lugha nyingine. Jibu hilo ni kweli kwa mwanaisimu, lakini kwa mtunzi halitoshi, maana ushairi huohuo ulifungua milango kwa mamia ya maneno ya Kiarabu, nayo si lahaja ya Kiswahili. Jibu la kina zaidi ni kwamba uhuru wa mshairi hautoki katika kanuni za sarufi. Hutoka katika mapokeo: neno huruhusiwa kwa sababu malenga aliyetangulia amekwisha kulitumia na wasikilizaji wakalitambua. Lamu na Mvita zilikuwa na malenga wa kale walioandikwa. Ugogo ulikuwa na waimbaji hodari mno, lakini nyimbo zao hazikuwa zimeingia katika vitabu ambavyo mtunzi wa Kiswahili angeweza kuvitaja kuwa ushahidi.

Hivyo Mnyampala alizigawa kazi zake. Mambo ya Wagogo, pamoja na majina ya koo, watemi na desturi, aliyahifadhi katika nathari. Ushairi aliuweka katika mapokeo ya pwani. Tunaweza kusikitika kwamba vyumba viwili hivyo havikufunguliana zaidi. Lakini tusimwite mwigaji. Mtu anayechukua bahari ya utenzi, iliyobeba vita vya Herekali na mawaidha ya Mwana Kupona, akaitia ndani Enjili ya imani yake, hajiazimii nguo ya mtu. Anadai fungu lake la urithi.

Kizazi kilichofuata kilikuwa na shaka na urithi huo. Katika miaka ya 1970 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengi wao wakiwa watu wa bara pia, waliona kwamba vina, mizani na maneno ya kale vinamweka mbali msomaji wa kawaida. Mulokozi na Kahigi walitoa "Mashairi ya Kisasa" mwaka 1973, na Kezilahabi akatoa "Kichomi" mwaka 1974. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi wakatoa diwani waliyoiita "Malenga wa Bara". Jina hilo halikuhitaji maelezo kwa mtu aliyekuwa amekwisha kuiona "Malenga wa Mvita" ya Ahmad Nassir, iliyotoka mwaka 1971. Lilisema kwamba bara nako kuna malenga, tena wenye sauti yao wenyewe.

Lawama yao ilikuwa na ukweli. Wapo watunzi walioificha fikra nyembamba chini ya maneno mazito, na neno la kale halimpi uhai mtu asiye na la kusema. Lakini historia ilitoa pia ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1977 kilitoka kitabu "Historia ya Kiswahili", na juu ya jalada lake yalikuwa majina mawili: Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala. Wa kwanza alikuwa mwana wa Mombasa na mtetezi wa Kimvita, aliyeihariri "Malenga wa Mvita". Wa pili alikuwa Mgogo wa Chamwino. Wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki kitabu kilipotoka. Mtu wa lahaja na mtu wa kitabu waliandika pamoja habari za lugha moja, na hakuna aliyemwambia mwenziwe kwamba yuko ugenini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunapozinakili upya tungo hizi, na siku hizi tunazinakili kwenye simu na kompyuta ambazo programu zake husahihisha maneno bila kuulizwa, tuwe na adabu ya mrithi. Tukikuta "nti", tuiache. Tukikuta "'sinene", tuhesabu mizani kabla ya kumrejeshea "u" yake. Tukikuta "Enjili", tukumbuke kwamba hilo ni jina alilolitoa mwenye kazi. Pembeni au mwishoni tuweke maelezo mafupi: nti ni nchi, mato ni macho, ndia ni njia. Mstari mmoja wa maelezo humsaidia mwanafunzi wa Kongwa kuuelewa ubeti. Herufi moja iliyobadilishwa humnyima ubeti wenyewe.

Na kwa watunzi wa Kanda ya Kati wa leo, mlango uliokuwa umefungwa kwa "munhu" haukufungwa kwa sheria, ulifungwa kwa kukosa mtangulizi. Lamu haikuomba ruhusa ya Kamati ili "mato" iwe neno la ushairi. Watu wake walitunga, wengine wakasoma, neno likakaa. Mwenye neno la Cigogo ambalo Kiswahili hakina mfano wake, alitie katika ubeti uliotimia, aeleze maana yake chini ya ukurasa, awaachie wanaokuja baadaye wamtaje yeye kuwa ushahidi.